Mtoto Asiye na Wakati: uchambuzi wa ugomvi wa mwendelezo katika Doctor Who

Jumapili ya tarehe 1 Machi 2020 BBC ilirusha The Timeless Children, kipindi cha kufunga msimu wa 12 wa Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya sayansi, tangu ifufuliwe mwaka 2005. Ndani ya saa moja na ushei, Master, hasimu wake wa siku zote, alimweleza Daktari, msafiri wa wakati ambaye huigizwa na mtu mpya kila anapobadilika sura, kwamba asili yake si Gallifrey, sayari iliyodhaniwa kuwa kwao. Alikuwa mtoto aliyeokotwa peke yake chini ya lango linalofungukia ulimwengu usiojulikana. Aliyemwokota, mtafiti aitwaye Tecteun, aligundua kwamba mtoto huyo akifikwa na mauti mwili wake hujihuisha, akawa mtu mwenye sura nyingine. Tecteun akamchunguza, akaitoa siri hiyo katika chembe zake, akajipandikizia mwenyewe kisha akawapa watu wake, na hapo ndipo walipotokea Mabwana wa Wakati. Mtoto akaja kutumikia idara ya siri iitwayo Division, na mwishowe kumbukumbu zake zikafutwa. Kwa hiyo yule mzee aliyeigizwa na William Hartnell mwaka 1963, aliyehesabiwa miaka yote kuwa Daktari wa kwanza, hakuwa wa kwanza.

Kelele zilizofuata zilibebwa na dai moja: hadithi mpya inapingana na ya zamani. Dai hilo ndilo linalopimwa hapa, na likishapimwa sehemu kubwa yake haisimami. Uharibifu ulikuwapo, lakini ulikuwa mahali pengine. Ndiyo maana majibu ya watetezi hayakumtuliza mtu: walitibu palipokuwa pazima.

Ushahidi unavyopangwa

Doctor Who haina kanoni rasmi, yaani mkusanyiko wa hadithi zinazotambuliwa kuwa za kweli. BBC haijawahi kutoa orodha ya hadithi zinazohesabika na zisizohesabika, tofauti na Lucasfilm, ambayo tarehe 25 Aprili 2014 ilitenga riwaya na katuni za awali za Star Wars na kuziweka chini ya jina la Legends. Anayedai kuna mgongano katika Doctor Who analazimika kupanga ushahidi mwenyewe. Mpangilio unaofaa kwa kazi hii huanza na kile kinachoonekana kwenye skrini kikitendeka. Hufuata kinachosemwa na mhusika anayejua na asiye na sababu ya kudanganya, kisha kinachosemwa na mwongo. Nia ya watengenezaji, hata ikielezwa waziwazi katika mahojiano, huja nyuma ya hayo. Riwaya na tamthilia za sauti huwekwa mwisho, ingawa wapo wanaozipandisha, na hawakatazwi.

Katika kisa hiki mpangilio huo si mambo ya wasomi. Karibu kila tulichoambiwa mwaka 2020 kilitoka kinywani mwa Master, na Master ni mwongo kwa kazi na kwa starehe. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kundi kubwa la mashabiki lilijishikiza hapo: alidanganya, tusubiri. Tarehe 28 Novemba 2021, katika sehemu ya tano ya Flux, msimu uliofuata, Tecteun mwenyewe, akiigizwa na Barbara Flynn, alisimama mbele ya Daktari na kukiri. Kuanzia siku hiyo ushahidi ulipanda daraja, na kusema Master alidanganya kukabaki kuwa tamanio tu.

Jambo la pili la kukagua ni umri wa kanuni inayodaiwa kuvunjwa. Mwaka 1963 hapakuwa na Mabwana wa Wakati, wala Gallifrey, wala kujihuisha. Hartnell aliondoka Oktoba 1966 na Patrick Troughton akachukua nafasi bila maelezo ya maana. Mabwana wa Wakati walitajwa kwa jina mwaka 1969 katika The War Games. Mioyo miwili ilisikika mwaka 1970. Jina la Gallifrey lilikuja na The Time Warrior, iliyorushwa kati ya Desemba 1973 na Januari 1974, na neno lenyewe la kujihuisha lilitamkwa mara ya kwanza mwaka 1974. Ukomo wa mara kumi na mbili uliwekwa mwaka 1976 na mwandishi Robert Holmes katika The Deadly Assassin. Yaani kile kilichotetewa mwaka 2020 kama msingi wa awali kilijengwa kwa miaka 13, na waandishi tofauti, kila mmoja akiziba pengo la wiki yake.

Hiyo The Deadly Assassin ina kituko chake. Ilipotoka, chama cha mashabiki kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1976, Doctor Who Appreciation Society, kiliishambulia vikali katika uhakiki ulioandikwa na kiongozi wake. Kosa lilikuwa lilelile: imevunja kilichotangulia, kwa kuwafanya Mabwana wa Wakati, waliokuwa na haiba ya kutisha mwaka 1969, waonekane wazee wa vikao na fitina. Miaka 44 baadaye hadithi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinukuliwa kama sheria.

Hesabu ya sura

Dai lililorudiwa kuliko yote ni kwamba Hartnell alithibitishwa kuwa wa kwanza. Ushahidi upo na ni mzuri. Katika The Three Doctors, iliyoanza Desemba 1972, Mabwana wa Wakati wenyewe wanamtambua Hartnell kama Daktari wa mwanzo kabisa. Katika Mawdryn Undead ya mwaka 1983, Daktari wa Peter Davison anasema amejihuisha mara nne na amebakiwa na nane. Miezi michache baadaye, katika The Five Doctors, hesabu ni ileile.

Lakini katika hadithi mpya, wasemaji hao wote wanajua tu kile walichoachiwa wajue. Daktari amefutwa kumbukumbu, na rekodi zimefichwa. Kwa hiyo mgongano hakuna: aliyesema "mimi ni wa tano" alisema kweli ya moyoni mwake. Hata utoto wake kwenye banda la Gallifrey, ulioonyeshwa katika Listen ya Septemba 2014, unasimama, maana baada ya kufutwa alirudishwa kuwa mtoto na kuanza upya. Kipindi kilichotangulia, cha tarehe 23 Februari 2020, kilikuwa kimekwisha kuonyesha hilo kwa mafumbo kupitia maisha ya Brendan, polisi wa Ireland anayefutwa kumbukumbu siku ya kustaafu.

Kasoro ya maelezo haya ni kwamba yanatosha mno. Kumbukumbu zilizofutwa zinaweza kuhalalisha jambo lolote, hata lile ambalo bado halijaandikwa, na kiraka kinachoziba kila tundu hakimwambii mtu lolote kuhusu tundu lenyewe. Mashabiki wenye kumbukumbu ndefu walilihisi hilo hata pale waliposhindwa kulitaja.

Ndani ya hesabu hii umo mgogoro wa zamani zaidi, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu. Januari 1976, katika The Brain of Morbius, Daktari wa Tom Baker anashindana kwa nguvu za akili na Morbius, Bwana wa Wakati mhalifu. Kwenye kioo zinapita sura za Baker, Jon Pertwee, Troughton na Hartnell, kisha sura nane zaidi za wanaume waliovaa mavazi ya kale, huku Morbius akishangilia na kuuliza Daktari ameishi muda gani. Zilikuwa sura za watengenezaji wenyewe, akiwemo mtayarishaji Philip Hinchcliffe na mhariri wa miswada, huyohuyo Holmes. Hinchcliffe amesema waziwazi kuwa zilikusudiwa kuwa Daktari kabla ya Hartnell.

Sasa piga hesabu. Sura nane, ukiongeza Hartnell, Troughton, Pertwee na Baker, ni kumi na mbili. Davison anakuwa wa kumi na tatu, yaani maisha ya mwisho chini ya ukomo ambao Holmes aliuweka miezi michache tu baadaye. Lakini Davison anasema amebakiwa na nane. Mashabiki walilazimika kuchagua, na wengi walichagua kuzipeleka zile sura nane kwa Morbius: ni maisha yake yeye, si ya Daktari. Mavazi, maneno ya Morbius na nia ya mtayarishaji vilielekea upande wa pili, lakini hesabu ilitaka hivyo, na kwa miongo kadhaa huo ukawa usomaji wa kawaida.

Mwaka 2020, kumbukumbu zilipomrudia Daktari kwa kishindo ndani ya Matrix, hifadhi ya kumbukumbu za Mabwana wa Wakati, sura zile zilikuwamo. Kwa hiyo, ukitazama kisheria, The Timeless Children iliondoa mgongano mmoja badala ya kuuleta. Waliokasirika zaidi hapa walikuwa watu waliojenga suluhisho kwa uangalifu, wakaliheshimu miaka mingi, kisha tamthilia ikachagua upande mwingine. Kuwaambia hakuna mgongano ni kuwaambia wanachokijua tayari.

Deni la Trenzalore

Ukitaka lalamiko lenye uzito, liko mwaka 2013. The Time of the Doctor, ya Krismasi ya mwaka huo, ilisimama juu ya nguzo moja tu: Daktari wa Matt Smith amemaliza maisha yote. Mwandishi wake, Steven Moffat, alihesabu kwa sauti. Yupo Daktari wa Vita wa John Hurt, asiyetumia jina la Daktari. Ipo pia mara ile ya mwaka 2008 ambapo Daktari wa David Tennant alijihuisha bila kubadilika sura, nguvu iliyobaki ikaingia kwenye mkono wake uliokatwa. Ukijumlisha, Smith ni wa kumi na tatu. Anabaki kwenye sayari ya Trenzalore akizeeka hadi anakaribia kufa, na anaokoka tu kwa sababu Mabwana wa Wakati wanampa mzunguko mpya kupitia ufa ukutani.

Ikiwa yeye ndiye chimbuko la uwezo huo, na ukomo uliwekewa wengine, je, alikuwa hatarini kweli? Hapa hakuna mgongano wa maneno. Inawezekana Tecteun alimfunga kwa ukomo uleule wakati wa kumrudisha utotoni, na mashabiki walilisema hilo mapema. Lakini kipindi hakikusema, na neno lisilosemwa lilikuwa na gharama: kilio cha mwaka 2013 kikaanza kuonekana cha bure. Sentensi moja ya Master ingetosha. Alikuwa amesimama pale akieleza kila kitu kingine.

Gallifrey yenyewe iko kwenye daftari hilohilo. Mwaka 2005 tuliambiwa imeteketea. Tarehe 23 Novemba 2013, katika The Day of the Doctor, iliokolewa mbele ya macho ya watazamaji wa nchi 94 kwa wakati mmoja. Mwaka 2015 Daktari akarudi huko. Tarehe 5 Januari 2020, katika sehemu ya pili ya Spyfall, Daktari akaikuta imeteketezwa na Master. Hakuna kinachopingana na chochote, kwani sayari iliyookolewa inaweza kuchomwa tena. Lakini zawadi ya miaka hamsini ilichukuliwa nje ya skrini, na Mtoto Asiye na Wakati ndiye aliyetolewa kama sababu. Hasira nyingi zilizoandikwa dhidi ya asili ya Daktari, ukizisoma kwa makini, zinaihusu Gallifrey.

Kibanda cha polisi

Mgongano halisi mmoja upo, na ajabu ni kwamba haukuwasha moto mkubwa kama mingine. Tarehe 26 Januari 2020, katika Fugitive of the Judoon, Daktari wa Jodie Whittaker anafukua kaburi lisilo na jina na kukuta TARDIS, chombo cha kusafiria katika wakati, yenye umbo la kibanda cha buluu cha polisi. Mwenye nayo ni Ruth, akiigizwa na Jo Martin, naye ni Daktari ambaye Whittaker hamkumbuki. Lakini mwaka 1963 tulimwona Hartnell akishangaa kwamba chombo chake kimetoka London kikabaki na umbo la kibanda, wakati kilipaswa kubadilika kulingana na mahali. Ikiwa Ruth ni wa kabla ya Hartnell, kibanda kimetangulia tukio lililokizaa.

Basi mweke baada ya Troughton. Nafasi ipo: mwisho wa The War Games Troughton anahukumiwa na kupelekwa uhamishoni, na kubadilika kwenyewe hakuonyeshwi. Tena The Two Doctors ya mwaka 1985 ilimwonyesha Troughton akiwa amezeeka na akifanya kazi kwa niaba ya Mabwana wa Wakati. Kutokana na hilo kulizaliwa nadharia ya "msimu wa 6B", iliyoenea tangu miaka ya 1990, kwamba baada ya hukumu aliendelea kutumikishwa kwa siri. Ruth, mtoro kutoka idara ya siri, anaingia humo bila kusukumwa.

Ila Ruth haijui bisibisi ya sauti, kifaa anachotembea nacho Daktari. Anaiona mkononi mwa Whittaker na kuuliza ni kitu gani. Troughton alianza kuitumia mwaka 1968. Kibanda kinamvuta Ruth baada ya Hartnell, bisibisi inamvuta kabla ya Troughton, na kati ya hao wawili hakuna upenyo, kwa sababu Hartnell tulimwona akigeuka kuwa Troughton. Zimetolewa njia za kutokea: TARDIS haiishi kwa mfuatano wa wakati, ilikumbuka umbo ambalo ingelipenda baadaye. Ni uvumbuzi mzuri wa mashabiki, lakini haumo kwenye skrini. Huenda kibanda kiliwekwa kwa sababu za picha tu: mtazamaji wa kawaida asingeelewa kilichofukuliwa kama si kile kibanda. Ni uamuzi unaoeleweka. Bado ni kosa.

Kuelezwa badala ya kuonyeshwa

Katika kipindi cha kilele Daktari amefungwa ndani ya Matrix huku Master akizungumza, kwa sehemu kubwa ya muda. Haulizi swali linalobadilisha mwelekeo, wala hagundui kitu kwa akili yake. Anapotoka, hadithi ya Wana-Cyber, maadui wenye miili ya mashine, inaisha kwa bomu la chembe ya mauti ambalo yeye anashindwa kulilipua, na mzee Ko Sharmus ndiye anayelichukua na kulilipua kwa niaba yake. Ondoa ufichuzi wote wa asili yake, na mwisho wa kipindi unabaki vilevile. Kumbukumbu alizozirudisha zinamsaidia kuivunja Matrix, basi, na haziamui lolote analolifanya baada ya hapo.

Linganisha na Daktari wa Vita. Kihesabu, aliharibu zaidi: aliingizwa katikati ya mfuatano uliokuwa umehesabiwa kwa namba miaka minane, kati ya Paul McGann na Christopher Eccleston, na sababu ya kuzaliwa kwake ilikuwa ya kiutendaji kabisa, kwani Eccleston hakukubali kurudi. Hata hivyo alipokewa vizuri. Alitangulizwa tarehe 18 Mei 2013 kama fumbo mwishoni mwa msimu, kisha miezi sita baadaye akapewa hadithi ambayo yeye ndiye anayekabiliwa na uamuzi, mbele ya wenzake wawili wanaobeba matokeo yake. Namba za wengine hazikuguswa, kwa maelezo ya sentensi moja kwamba hakustahili jina. Na deni la hesabu lililipwa mwezi mmoja tu baadaye, Krismasi.

Mtunzi anayetaka kugusa asili ya mhusika wa miaka hamsini ana cha kunakili hapo. Kwanza atafute ni malipo gani ya zamani yatakayotikisika, akianza na ya karibu zaidi, kwa sababu ndiyo watazamaji wanayoyakumbuka kwa mwili. Katika kisa hiki ni Trenzalore na Gallifrey, wala si maneno ya mwaka 1973. Ayalipe ndani ya kipindi kilekile. Ufichuzi aufungamanishe na uamuzi: mhusika afanye jambo ambalo asingelifanya kama asingejua. Na alama inayotambulika, kama kibanda, aitumie ikiwa ameandika pia sababu yake. Mambo haya hayahitaji fedha zaidi, yanahitaji kurasa mbili au tatu za mswada, na kurasa hizo zingepatikana kwa kufupisha hotuba ya Master.

Kuchekecha malalamiko

Baadhi ya upinzani haukuwa wa mwendelezo kabisa. Whittaker alitangazwa tarehe 16 Julai 2017 kama mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, na Jo Martin ndiye Daktari wa kwanza Mweusi kwenye skrini. Watu waliolikataa moja au yote mawili walipata Machi 2020 lugha yenye heshima zaidi ya kulisemea. Njia ya kuwatenganisha si kukisia nyoyo. Angalia kama mlalamikaji anataja kipindi na tukio. Angalia kama anaikubali hoja ileile inapomhusu John Hurt. Angalia tarehe ya lalamiko lake la kwanza. Anayepinga Daktari kuongezwa kabla ya Hartnell lakini alimshangilia Daktari aliyeongezwa kati ya McGann na Eccleston huenda ana sababu nzuri, na kweli zipo kama tulivyoona, lakini aulizwe.

Kulikuwa pia na lalamiko la maana, na mimi binafsi nalipa nafasi ya juu kuliko hesabu zote. Tangu mwaka 1969 Daktari alikuwa mmoja tu kati ya Mabwana wa Wakati, aliyechoka na ukimya wao akaiba chombo kibovu akaondoka. Ukubwa wake ulitokana na alichochagua. Sasa akawa chemchemi ya taifa zima, mkubwa kwa damu. Ugomvi huo ni wa nasaba, na nasaba haiamuliwi kwa kuonyesha kwamba hati hazipingani. Ni haki kuongeza kwamba wazo halikuwa geni: mwaka 1988, enzi ya Sylvester McCoy, mhariri wa miswada Andrew Cartmel alianza kudokeza kuwa Daktari ni zaidi ya Bwana wa Wakati wa kawaida. Tofauti ni kwamba Cartmel alitaka kurudisha fumbo, na tamthilia ikasitishwa Desemba 1989 kabla hajalazimika kulijibu. Chris Chibnall, mwandishi mkuu wa enzi ya Whittaker, alilijibu kwa ramani.

BBC iliwajibu walalamikaji kwamba hadithi mpya haibadilishi mtiririko wa hadithi kuanzia Hartnell, bali inaongeza tabaka. Kwa upande wa mgongano jibu hilo ni sahihi karibu lote. Kwa Trenzalore, Gallifrey na nasaba halikugusa kitu. Chibnall hakuwa mgeni wa hali hii: mwaka 1986, akiwa kijana wa shule na mwanachama wa kikundi cha mashabiki, alionekana kwenye kipindi cha BBC cha Open Air akiwakosoa waandishi wa msimu wa mwaka huo wakiwapo.

Hoja ya idadi ya watazamaji iachwe. Kipindi cha kwanza cha Whittaker, tarehe 7 Oktoba 2018, kilipata karibu milioni 11 Uingereza; Spyfall ya tarehe 1 Januari 2020 karibu milioni 6.9, The Timeless Children kama milioni 4.7. Mteremko ni wa kweli, lakini sehemu kubwa yake ilitokea kabla ufichuzi haujarushwa. Mtu hakimbii jambo ambalo hajaliona.

Kilichobaki baada ya hapo

Mwaka 1996, katika filamu ya televisheni ya McGann, Daktari alisema yeye ni nusu binadamu upande wa mama. Mashabiki walilipuka vilevile. Halikufutwa rasmi, waandishi waliofuata hawakupata cha kulifanyia, isipokuwa Hell Bent ya mwaka 2015 iliyolitania kidogo, na sasa linakumbukwa kama udadisi tu. Mtoto Asiye na Wakati amekatwa vipande kwa njia hiyohiyo, ila kipande kimoja kimeishi.

Chibnall mwenyewe alianza kukata. Mwishoni mwa Flux, Desemba 2021, Daktari anayo saa yenye kumbukumbu zake zote zilizofutwa, na badala ya kuifungua anaiamuru TARDIS iifiche ndani kabisa, mahali asipoweza kuipata mpaka atakapoomba kwa dhati. Kwa mtunzi anayefuata, hiyo ni kufuli yenye ufunguo uliobaki mlangoni. Russell T Davies, aliyeifufua tamthilia mwaka 2005, aliporudi mwaka 2023 hakuifungua wala hakuitupa. Katika Wild Blue Yonder ya tarehe 2 Desemba, Daktari anaumia kwa kutojua atokako. Wiki moja baadaye, katika The Giggle, adui wa zamani aitwaye Toymaker anajisifu kwamba alikatakata historia ya Daktari kama fumbo la vipande, maneno ambayo mwenye kutaka anaweza kuyatumia kueleza kila kitu, na asiyetaka akayapita. Kisha katika hadithi za Daktari wa Ncuti Gatwa, Daktari anamwambia msafiri mwenzake Ruby Sunday, naye mtoto aliyeokotwa, kwamba yeye pia alilelewa na wasio wazazi wake.

Hicho ndicho kipande kilichoishi. Hakihitaji Division, wala Tecteun, wala lango. Mtazamaji aliyeanza mwaka 2023 anakielewa kwa sentensi moja na kinamsaidia mwigizaji kuigiza. Mengine, yanayohitaji dakika kumi za maelezo kabla hayajamgusa mtu, yamelala.

Swali la Ruth bado liko wazi. Jo Martin alionekana tena kwa muda mfupi tarehe 10 Mei 2025 katika The Story & the Engine, bila nafasi yake kwenye mfuatano kutajwa. Akirudi katika hadithi kamili, mambo matatu yataamua: kama atatambua bisibisi ya sauti, kama atataja hukumu ya The War Games, na kama TARDIS yake itaonekana hata mara moja ikiwa na umbo lisilo la kibanda. La tatu ndilo jepesi kulipiga picha, na peke yake lingemweka kabla ya Hartnell kwa ushahidi wa daraja la kwanza. Hata hivyo lingedai hadithi moja zaidi ya kueleza kwa nini chombo kilichokwama kwenye umbo hilo baadaye kiliwahi kulichagua kwa hiari.